Kidole cha Pete Kwenye La

Homa Bay,
11 Mei 2025

Kwa Mwalimu Zablon Mniko,

Shikamoo. Kabla hujauliza: nakula, nalala, na sijafukuzwa. Barua hii utaletewa na Mama akirudi Migori na magunia yake ya omena, hao dagaa wa ziwani, kwa hiyo ikinuka usinilaumu mimi. Simu hapa shuleni haturuhusiwi, unajua, na hata tungeruhusiwa, habari hii nilitaka uisome ukiwa umekaa.

Mwalimu, nimechaguliwa. Kwaya ya shule inaenda mashindano ya jimbo tarehe nne Julai, hapa hapa Homa Bay, na Madam Jerusha, mwalimu wetu mpya wa muziki, amesema mimi ndiye nitakayepiga piano. Shule ya wasichana mia nane, na ni mimi, yule mtoto uliyemkalisha juu ya debe kanisani ili afikie kinanda. Nilienda kucheka chooni peke yangu mpaka wenzangu wakadhani nalia.

Sasa shida. Wimbo uko kwenye D flat. Ukihesabu skeli yake, ile ngazi ya Doh hadi Ti, vibao vyeusi ni vitano, vyeupe viwili tu. Sijawahi kuipiga hiyo kii, hiyo sauti ya kuanzia. Na piano yenyewe ni ile ya mbao, nzee kuliko Mama, inayofungwa kwa kufuli. Madam amenipa hadi tarehe kumi na tano Juni nimpigie skeli ya D flat, oktavo mbili, yaani ngazi nzima mara mbili mfululizo, mikono yote, bila kukwama. Nikikwama, ataleta mpigaji kutoka Kisumu na mimi nitarudi kuimba alto. Mimi na alto tunajuana, Mwalimu. Sitaki kurudi huko.

Kanisani Mama Marcella huanzisha wimbo popote koo lake lilipoamkia, na wewe humfuata bila hata kukunja uso. Nimekuona miaka minane. Kwenye D flat unaweka vidole wapi? Niambie kimoja kimoja, kama ulivyokuwa ukinifanyia.

Mwanafunzi wako,
Emmaculate


Migori,
19 Mei 2025

Emmaculate mwanangu,

Marahaba. Barua imefika, na ni kweli ilinuka, lakini niliisoma mara tatu. Kisha nikamsomea fundi viatu wa pale kona. Muziki haujui, ila alikubali kwamba ni jambo kubwa. Jumapili nikatangaza mbele ya kanisa zima. Mama Marcella alipiga vigelegele mpaka mhubiri akapoteza ukurasa wake. Ndivyo ulivyotuheshimisha.

Kuhusu hiyo D flat, ondoa wasiwasi. Kii ni kii. Jungu kuu halikosi ukoko, na mimi nimepiga kinanda katika kanisa hili miaka ishirini na miwili; hakuna mahali ambapo Mama Marcella amekwenda nikashindwa kumfikia. Siri ni utulivu. Kaa wima. Mabega chini. Usikimbie. Sikiliza kabla ya kubonyeza. Ukifanya hayo, vidole vyenyewe vitajua njia.

Huyo Madam Jerusha amesomea wapi? Uliza kwa adabu, usiseme ni mimi niliyeuliza. Siku hizi kuna walimu wengi wanaojua karatasi lakini hawajawahi kupigia watu walio hai.

Msalimie mlinzi wa geti, yule mtu wa kwetu Kehancha. Nimesikia ni binamu wa jirani yangu.

Mwalimu wako,
Z. Mniko


Homa Bay,
25 Mei 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Nimekaa wima. Mabega yako chini. Sikimbii. Bado skeli inakatika.

Usikasirike, lakini umenijibu barua nzima bila kunijibu. Nauliza tena, na safari hii naeleza vizuri. Piano hii haina kile kitufe. Unajua ninachosema, kile cha transpose, unachobonyeza Mama Marcella akianza juu, halafu kinanda kinapanda chenyewe huku mikono yako inapiga C kama kawaida. Najua wewe unakitumia kwa sababu ya haraka, kanisa haliwezi kungoja. Mimi hapa nimetafuta kila upande, hata nimepiga magoti nikachungulia chini. Kuna vumbi na maganda ya njugu, basi.

Kwenye C ulinifundisha moja mbili tatu, moja mbili tatu, gumba likipita chini wakati wowote, kwa kuwa vibao vyote ni vyeupe na gumba halichagui. Kwenye D flat gumba linachagua. Likipanda kibao cheusi mkono wote unapinda. Sasa angalia. Doh na Re ni vile vyeusi viwili: kidole cha shahada, kidole cha kati. Sawa. Mi ni cheupe, gumba. Sawa. Halafu zinakuja Fa, So na La, vyeusi vitatu mfululizo. Fa shahada, So cha kati, na La… La hakuna mtu. Vidole vimekwisha. Naweka gumba, mkono unaruka kama umeguswa na waya wa stima, na wimbo unafia pale pale.

Jambo la ajabu ni kwamba mkono wa kushoto hauna shida. Lakini wa kushoto wewe ulinifundisha besi tu. Skeli zake nimejifunza hapa, kwa kitabu. Ni huu wa kulia unaonitesa, huu ninaoujua tangu nikiwa na miaka tisa.

Zimebaki wiki tatu. Kwenye La naweka nani?

Emmaculate


Migori,
31 Mei 2025

Mwanangu,

Marahaba. Umekuwa mkali, na ni vizuri, mpiga kinanda asiye mkali watu humkalia.

Chukua kalamu. Doh, shahada. Re, cha kati. Mi, gumba. Fa, shahada. So, cha kati. La, kidole cha mwisho, kile kidogo kabisa. Ti, gumba. Doh, shahada, na unaendelea juu hivyo hivyo. Kushuka, rudi kwa njia hiyo hiyo.

Ndivyo nilivyoipiga tangu ujana wangu na haijawahi kunitupa. Rudia mara hamsini asubuhi na hamsini jioni. Mwanzoni mkono utalalamika, usiusikilize. Na kitabu chako kikisema vingine, kumbuka kwamba kitabu hakijawahi kukaa kwenye ibada ya mazishi ya saa nne nzima juani.

Mwalimu wako,
Z. Mniko


Homa Bay,
8 Juni 2025

Mwalimu Zablon,

Ni mimi Truphena, mamake Emma. Mimi si mtu wa barua, utanisamehe mwandiko. Bado niko huku, mvua imekataa omena wakauke, kwa hiyo nampa Teresa, mwenzangu wa omena anayerudi Migori, karatasi hii akuletee.

Jana ilikuwa siku ya wazazi. Nimemkuta mtoto amefunga bandeji mkono wa kulia, kifundo kimevimba, anakula kwa kushoto. Nikauliza ameanguka wapi. Akasema ni piano. Mimi nimebeba magunia maisha yangu yote na sijavimba hivyo, sasa piano ni nini.

Nikaenda kwa huyo Madam Jerusha. Amesema mtoto ana tabia mbaya ya mkono, kwamba alijifunza vibaya tangu mwanzo. Akasema amemwuliza mara mbili, mbele ya kwaya, ni nani aliyemfundisha. Na Emma akamjibu, hakuna, nilijifundisha mwenyewe.

Mwalimu, nilikuwa natafuna chapati, nikaiweka chini. Kila Jumamosi miaka minane umemkalisha mtoto wangu kwenye kile kinanda na hujaniomba hata kikombe cha chai. Halafu anasema hakuna. Pale shuleni nilinyamaza kwa sababu ya wageni. Kwako siwezi kunyamaza. Nimeona aibu na ninakuomba msamaha kwa niaba yake.

Mama Emma


Migori,
9 Juni 2025

Emmaculate,

Nimesikia kwamba ulijifundisha mwenyewe. Hongera. Mtu aliyejifundisha hahitaji barua kutoka Migori.

Pumzisha mkono mpaka uvimbe uishe.

Z. Mniko


Homa Bay,
11 Juni 2025

Mwalimu wangu,

Shikamoo, hata kama huitikii.

Mama alikwambia alichosikia, na alichosikia ni nusu. Nakwambia nusu iliyobaki, halafu ukitaka kuniacha, niache ukijua yote.

Ilikuwa Jumatano, kwaya nzima imesimama. Nilikuwa napiga kama ulivyoniandikia, La kwa kidole cha mwisho, na kifundo kinawaka moto. Madam akanisimamisha. Akaushika mkono wangu wa kulia, akauinua watu wauone, akauliza: "Hiki cha pete kwa nini umekikunja?" Mwalimu, nilitazama, na ndiyo mara yangu ya kwanza kukiona. Kimekunjwa ndani ya kiganja. Cha kushoto kimenyooka kama wenzake, cha kulia kimelala. Sikujua. Nimepiga miaka minane na sikujua.

Akaendelea: "Aliyekufundisha amekuharibu mkono. Mtu kama huyo hafai kukaribia mtoto na kinanda. Ni nani?" Wasichana arobaini wananitazama. Wewe ungelitaja jina lako pale? Ningelitaja, jioni yake lingekuwa kichekesho cha mabweni yote, Mniko huyu, Mniko yule. Nikasema hakuna. Akauliza tena, nikasema hakuna, nilijifundisha mwenyewe. Nilikuwa nakuficha. Sikukukana. Naona sasa kwamba kwa mtu aliye mbali mambo hayo mawili yanafanana sana, na nimelia kwa ajili hiyo.

Sasa Madam anasema dawa ni moja, nikinyooshe hicho kidole nikiweke kwenye La. Kila siku ananiambia na kila siku nakataa. Anadhani nina kichwa kigumu. Ukweli ni kwamba nikikinyoosha nitakuwa nimekubali maneno yake juu yako, mbele ya wale wale waliokuwa wakinitazama. Heri huyo wa Kisumu aje.

Siku zimebaki nne. Nataka kusikia kwako, si kwake. Ni kweli ulinifundisha vibaya? Ukisema si kweli, nitapiga kwa kidole cha mwisho mpaka mkono ukatike.

Emmaculate


Migori,
12 Juni 2025

Emmaculate mwanangu,

Marahaba. Marahaba na mia nyingine juu yake. Mama yako ameniletea barua yako mbio, omena wake amewaacha kwa watu, akasimama mlangoni akingoja nimalize. Nilipomsomea alilia kuliko mimi. Amesema harudi kulala mpaka hii ikufikie kesho.

Ni kweli. Nilikufundisha vibaya.

Mkono wangu wa kulia unaujua. Umeuona tangu utoto, na kama watu wote walionizoea, uliacha kuuona. Hujawahi kuniuliza, nami nilishukuru. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha sukari guru huko upande wa Awendo, kiwanda ambacho siku hizi hakipo. Nilikuwa nasukuma miwa kwenye roli za kukamulia. Roli zikachukua kidole cha pete, chote, mpaka kwenye shina. Kinanda nilianza baadaye, nikiwa nimekaa bila kazi, kanisa likanionea huruma likanipa ufunguo. Kwa hiyo mimi sijawahi kupiga kinanda nikiwa na vidole vitano, na kwenye C sikuwahi kuona pengo. Gumba lilipita popote nilipolitaka, kama ulivyosema mwenyewe.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri yangu inajulikana na kile kitufe. Si kwa ajili ya haraka, mwanangu. Miaka ishirini na miwili nimepiga C peke yake. Mama Marcella akipanda, nabonyeza. Akishuka, nabonyeza. Watu wananiita fundi. Barua yako ya kwanza ilipofika nilikwenda kanisani, nikarudisha kitufe kwenye sifuri, nikajaribu D flat. Nilishindwa kama mtoto. Nikakuandikia habari za mabega. Nisamehe kwa barua ile.

Wiki mbili nilihangaika mpaka nikapata ile njia ya kidole cha mwisho, nikakutumia nikidai ni ya tangu ujana. Kwangu inafaa, kwa sababu kati ya kidole changu cha kati na cha mwisho hakuna mtu. Kwako yumo mtu. Nilikulazimisha kumruka, ndiyo maana mkono ukavimba. Kosa ni langu, si la mkono wako.

Na liko lililo baya zaidi. Juma la pili tangu uanze, ukiwa juu ya lile debe, ulinitazama mkono muda mrefu, kisha taratibu ukakikunja kidole chako ufanane na mimi. Nilikuona. Neno lilikuwa moja tu, "nyoosha", na sikulisema. Watu wote walikuwa wakiutazama mkono huu kwa huruma, au wanatazama kando. Wewe peke yako ulitaka kuwa nao. Nilifurahi sana, Emmaculate, nikanyamaza Jumamosi ile, na iliyofuata, na miaka minane. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema. Nilikukunja vibaya, kwa kukupenda.

Sasa nisikilize, maana bado mimi ni mwalimu wako. Leo usipige skeli kabisa. Shika tu. Vidole viwili vibonyeze vile vyeusi viwili kwa pamoja. Gumba kwenye Mi. Kisha vitatu, shahada, cha kati na cha pete, vyote kwa pamoja juu ya vile vyeusi vitatu, mkono ukae kama umeshika chungwa. Gumba kwenye Ti. Viwili, gumba, vitatu, gumba, mpaka juu na kurudi. Mkono ukishajua nyumba zilipo, ndipo uzifungue moja moja. Hili nimelijaribu leo hii kwa mkono wangu wa kushoto, ambao una watu wote, na ulikwenda kama maji. Kila jioni loweka kifundo kwenye maji ya uvuguvugu. Kikiuma, acha.

Huyo Madam amesema kweli kwa mdomo mbaya. Kweli ichukue, mdomo umwachie mwenyewe. Hunivunjii heshima yoyote. Kinyooshe hicho kidole, ni chako. Changu kilibaki Awendo.

Mwalimu wako, ukinikubali,
Zablon


Homa Bay,
15 Juni 2025

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Naandika haraka kabla ya kengele ya chakula.

Ijumaa nilishika tu, kama ulivyosema. Viwili, gumba, vitatu, gumba. Kidole chenyewe kilikuwa mzigo. Hakina nguvu hata ya kuzima swichi. Jumamosi nikazifungua zile nyumba, moja moja. Kila nikifika La sauti ilitoka kwa kunong'ona, wenzangu wakawa wananiuliza ni nani huyo anayeomba radhi mle ndani. Nikawaambia ni mgeni, mpeni nafasi.

Leo baada ya ibada nikakaa mbele ya Madam. Oktavo mbili, mikono yote, kupanda na kushuka. Kwenye kushuka, La ya pili ilitetemeka kidogo lakini haikuanguka. Akasema, "Tena." Nikarudia. Akasema, "Tena, haraka zaidi." Mara ya nne akachukua simu yake, akampigia mtu wa Kisumu mbele yangu, akamwambia asisumbuke kuja.

Kiti ni changu, Mwalimu. Kwa kidole kile ulichoniambia.

Na nakujibu lile la mwisho: kukukubali nilishakukubali zamani. Niliposoma habari ya debe nilicheka kisha nikalia. Nilikuwa nimeisahau siku ile, sasa naikumbuka. Sikuwa nakuonea huruma. Nilidhani hivyo ndivyo mikono ya wapiga kinanda inavyokuwa.

Kengele imelia.

Emmaculate


Homa Bay,
6 Julai 2025

Kwa Mwalimu Zablon Mniko, bingwa,

Shikamoo. Tumekuwa wa kwanza. Nimeandika mwanzoni kabisa ili usirukie mwisho.

Sasa nakupa yote. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Shule kumi na nne, sisi tulipangiwa kuimba wa tisa. Piano ya pale ni ndefu na nyeusi, na vibao vyake ni vizito kuliko vya kwetu, nikajua mara moja kwamba huyu mgeni wetu wa La atapata kazi. Katikati ya wimbo kuna mahali sauti zote zinanyamaza na mkono wa kulia unapanda peke yake, oktavo mbili, kisha soprano anaingia juu kabisa. Ndipo Madam alipokuwa akihofia. Mimi nilipofika pale sikuhofia kitu, Mwalimu. Nilisikia viwili, gumba, vitatu, gumba, na La ikatoka nzito na safi sawasawa na wenzake, halafu nyingine, na soprano akaingia, na nyuma ya ukumbi mtu akapiga ukelele kabla hata hatujamaliza. Mama alikuwa mbele kabisa na gauni lake la harusi za watu. Tulipomaliza alisimama juu ya kiti.

Jaji mkuu, mzee mmoja mpole, alipotangaza matokeo alishika kipaza sauti akasema mkono wa kulia wa mpiga piano umeimba kama mmoja wa kwaya. Kisha akaniita mbele, akaniuliza hapo hapo, "Binti, nani amekufundisha?"

Madam Jerusha alikuwa amesimama karibu nami. Kwaya yote ilikuwa nyuma yangu. Nikakichukua kile kipaza sauti. Nikasema: "Ni Mwalimu Zablon Mniko wa Migori. Ana vidole vinne mkono wa kulia, na amenifundisha kupiga kwa vitano." Makofi yakaanza, na wenzangu wakaniangukia shingoni wote kwa pamoja, nusura nizimie. Sikuona tena lolote mpaka nilipojikuta ndani ya basi.

Kwenye basi Madam alikuja kukaa karibu nami. Halafu akaomba anwani yako. Amesema atakuomba radhi mwenyewe, na lile alilolisema juu yako mbele ya kwaya atalifuta mbele ya kwaya, si kwa siri. Nimempa. Mjibu kwa upole, tafadhali, amejifunza.

Agosti tunaenda taifa. Laiti ungekuwepo, Mwalimu. Hilo tu ndilo lililopungua.

Emmaculate


Migori,
8 Julai 2025

Emmaculate mwanangu,

Marahaba.

Nilikuwepo.

Mama yako alinipitia alfajiri na kunikataza nisikwambie, akihofia ukijua niko pale utanitafuta kwa macho badala ya kutazama vibao. Nikavaa koti, nikakaa safu ya mwisho kabisa, karibu na mlango, na mkono wa kulia nimeutia mfukoni kama ninavyofanya siku zote kwa wageni. Yule aliyepiga ukelele kabla hamjamaliza ni mimi. Mwombee radhi mtu huyo kwa Madam, alikuwa ameisikia La.

Nilikuona ukikinyoosha, mwanangu. Kutoka kule nyuma nilikiona kidole. Kilikuwa kinashuka juu ya kile kibao cheusi kana kwamba pale ndipo kilipozaliwa.

Kisha ukashika kipaza sauti. Mimi nilidhani utamshukuru Mungu na mwalimu mkuu, kama watoto wanavyofundishwa. Niliposikia jina langu nilisimama bila kuitwa, miguu ilinyanyuka yenyewe. Uliposema vidole vinne, watu wa safu yangu wakageuka, wa mbele yao wakageuka, wakawa wanatafutana kwa macho ni nani huyo. Wewe ulikuwa umefunikwa na wenzako, hukuona. Basi nikuambie kilichotokea.

Niliutoa mkono mfukoni, nikauinua juu, umefunguka wote, vidole vyake vinne, ukumbi mzima uuone. Na sikuushusha mpaka makofi yalipokwisha.

Zablon Mniko,
mwalimu wako